Kiwanja Namba Saba Kilikuwa Kisafi

Nina miaka thelathini na mbili na nimestaafu. Mama yangu hapendi nilitumie neno hilo. Anasema wanaostaafu huagwa kwa keki na kitenge, wakati mimi nimerudisha funguo za stoo tu na kwenda nyumbani. Lakini sina neno jingine. Nimefanya kazi moja kwa miaka saba na sitaifanya tena, na nyinyi mnaoanza mwezi huu mmeniomba kurasa mbili za maelekezo. Maelekezo yamo humu. Yaliyobaki ni ungamo. Nimejaribu mara nne kuvitenganisha vitu hivi viwili na nimeshindwa, kwa hiyo someni vyote.

Sikusomea udongo. Nilimaliza kidato cha sita kwa alama ambazo hazikunipeleka popote, nikarudi Makandana kumsaidia mama kwenye kibanda chake karibu na hospitali. Mradi ulipokuja wilayani kutafuta watu wa kupima misitu, tangazo lilitaka mwenye cheti. Mimi nilikuwa na simu. Nilipakua kila kitabu cha udongo nilichokipata, nikakisoma huku nahudumia wateja, nikajaza daftari mbili, kisha nikaenda nazo ofisini kana kwamba ndizo cheti. Walinichukua kama mbeba vifaa. Nilivyopanda kutoka hapo hakuna haja ya kueleza.

Jambo moja tu mlijue mapema. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hajui pengo lake liko wapi, kwa hiyo huhofia kila mahali. Sampuli moja niliipima mara tatu. Nilikuwa nikifunga stoo, nafika njia panda ya sokoni, narudi kuangalia kama kweli nimefunga. Wenzangu walinitania kwamba siku nikifa nitaamka kaburini kuhakiki tarehe kwenye msalaba. Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani nilikaa nikijiuliza kwa nini walisema tarehe, kama kuna tarehe niliyokosea.

Siku yangu ya kwanza niliharibu sampuli zote. Tulichimba kwenye mteremko mmoja kule Matwebe tangu asubuhi, na kazi yangu ilikuwa kuandika lebo. Niliandika kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote, kwenye kila mfuko: kiwanja, kina, tarehe. Mvua ilianza saa saba, ile mvua ya kwetu isiyotanguliwa na radi wala salamu. Tulipofika garini mifuko yote ilikuwa na doa moja la bluu. Udongo wote ulikuwa mweusi, na hakuna aliyejua upi ni upi.

Nilikwenda kulia nyuma ya gari. Mzee Shabani alinifuata, akatoa penseli aliyokuwa ameipachika sikioni, akanipa.

"Wino ni wa ofisini, binti," alisema. "Huku mvua ndiyo bosi."

Kisha akapanda garini akalala. Kesho yake tulirudi kuchimba upya, na hakulizungumzia tena jambo hilo. Kwa hiyo maelekezo ya kwanza: penseli. Lebo mbili, moja ndani ya mfuko na moja nje.

Mzee Shabani ndiye aliyenifundisha kazi. Alizaliwa hapa hapa Tukuyu mjini, baba yake akiwa na duka la vitambaa, na alitoboa udongo zaidi ya miaka thelathini katika vituo ambavyo vingine havipo tena. Hakupenda kuandika, na miwani yake ilikuwa na mkono mmoja. Lakini ukimpa kipande cha udongo alikilowesha kidogo, akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akakwambia kimetoka mteremko upi na kama mwenye shamba anaurudishia chochote. Vidole vyake nilivihakiki kwa mashine kwa muda mrefu, kwa siri, nikitamani akosee hata mara moja ili nipumzike.

Udongo wa Rungwe ni majivu ya mlima uliowahi kuwaka. Ukiujaza kwenye kopo utafikiri mtu kakuibia, kwa wepesi wake. Ndiyo maana hatupimi kwa kukisia: mnagongelea silinda ya chuma taratibu, mnakata chini kwa kisu, mnakausha kwenye oveni, mnapima uzito. Msigongelee kwa hasira, mtaushindilia, na kila hesabu inayofuata itakuwa uongo wenye desimali. Mkichimba shimo la kimo cha mtu mtakutana na tabaka la changarawe nyeupe nyepesi, na chini yake udongo mwingine mweusi. Huo ulikuwa uso wa nchi kabla mlima haujaufunika. Bado ni mweusi. Mara ya kwanza kuuona sikutaka kutoka shimoni. Mzee Shabani aliniita mara mbili, kisha akaniambia kama nimeamua kubaki nimpe namba ya mama yangu.

Kwa sababu wengine wenu hamjasomea, kama mimi, nieleze kwa ufupi. Mti huvuta kaboni hewani na kuijengea shina, mizizi na majani. Jani likianguka, lile tandiko la majani sakafuni ni kama ghala la muda: minyoo na ukungu hulila polepole, sehemu ya kaboni hurudi hewani, na sehemu hushikwa na udongo, ambao huku kwetu una mshiko mzuri ajabu. Naitrojeni husafiri njia hiyo hiyo. Miti mingine yenye maganda kama ya maharage hushirikiana na vijidudu mizizini kuivuta hewani, majani yake yakianguka huwalisha majirani, na majirani wakiangusha ya kwao inarudi kwenye mzunguko. Hakuna anayeleta mbolea msituni. Msitu hula kilichoanguka. Ukiondoa kilichoanguka, hutauona mti ukifa, miti ina subira. Utauona udongo wa juu kabisa, unene wa kidole au viwili, ukianza kupauka.

Niliyajua hayo yote. Ningeweza kuyaandika kwenye mtihani.

Tulikuwa na viwanja kumi na viwili vya kupimia, na kiwanja namba saba kilikuwa Lupepo, nyuma ya migomba ya Mama Gwakisa. Alikuwa mjane wa umri wa bibi yangu, mrefu, mgongo umepinda kidogo upande wa kushoto. Kiswahili chake kilikuwa cha wazee wa kule: serikali ilikuwa selikali. Nyuma ya migomba kulikuwa na kipande cha miti ya asili, kama nusu eka, iliyoachwa na baba mkwe wake alipofyeka shamba. Miti mikubwa, mingine watu wawili wasingeikumbatia wakakutanisha mikono. Mumewe aliilinda hadi alipokufa. Baada ya hapo shemeji yake, Bwana Asajile, alianza kuizungukia na futi ya kupimia.

Sitaki mumchukie Bwana Asajile. Alitaka kupanda parachichi kama kila mtu mwenye akili huku. Kikao cha ukoo kilikaa mara mbili bila kuelewana, na mara ya tatu ndipo tulipotokea sisi, na fulana zetu na pikipiki zenye nembo. Mradi ulikuwa na utaratibu: misitu midogo itakayoonekana inahifadhi kaboni vizuri itaingizwa kwenye mpango wa ardhi wa kijiji na haitakatwa. Isiyohifadhi, mwenyewe ataamua. Ukoo ukasema basi, tusubiri kipimo. Mama Gwakisa alikubali kabla ya mtu yeyote. Aliniambia siku hiyo kwamba miti ile haina shida, ni ya kazi, nitaona mwenyewe.

Kwa hiyo tulipima miaka mitatu. Kila mwezi nililaza fremu ya mbao ya nusu mita kwa nusu mita mahali palepale, nikakusanya majani makavu yaliyomo, nikayapima. Mara mbili kwa mwaka tulichukua udongo wa juu, tukauchoma kwenye tanuru kujua kilichopungua, na wa naitrojeni tukautuma mbali.

Na kila mwezi, siku moja kabla, nilipiga simu. Hakuna aliyeniagiza. Nililelewa kwamba huwezi kuingia kwenye mji wa mtu mzima kama mbuzi aliyekata kamba. Nilipiga, nikamwamkia, nikasema mama, kesho tunakuja. Alisema ndaga, yaani asante, mwanangu, karibuni. Nilijisifu kwa simu zile. Vijana wengine wa mradi walivamia tu.

Kiwanja namba saba kilikuwa kizuri kufanyia kazi. Sakafu ilikuwa wazi, vigingi vyangu vilionekana kwa mbali, fremu ililala sawa. Ndani yake nilipata majani matano, sita, wakati mwingine kijiti. Niliandika. Nilipenda sana kuandika pale, karatasi ilibaki safi. Tukimaliza, Mama Gwakisa alitukaribisha mbalaga, ndizi zake zilizopikwa na maharage, na hatukuweza kukataa wala hatukutaka. Migomba yake ilikuwa minene kuliko ya jirani yeyote. Nililiona hilo, nikalisifia pia.

Mzee Shabani hakukipenda kile kiwanja. Alichota udongo, akausugua, akaunusa, akaumwaga.

"Msitu gani huu hauna harufu?" alisema siku moja.

Nilimwuliza niandike wapi. Fomu haina safu ya harufu. Sikumjibu kwa dharau, niliuliza kweli, penseli mkononi. Akaniangalia, akasema basi, andika chochote wanachotaka.

Mwaka wa pili, katika miezi ya ukavu, nilikwenda bila kupiga simu. Nilikuwa nimechanganya wiki, simu imeisha chaji, na nilipogundua tulikuwa tayari njiani. Hapakuwa na mtu nyumbani; jirani alisema Mama Gwakisa yuko msibani, upande wa pili wa mto, siku ya tatu leo. Tuliingia msituni wenyewe. Majani yalifika juu ya kisigino. Kuyatoa yote ndani ya fremu kulinichukua muda mrefu, na chini yake palikuwa na unyevu, nyuzi nyeupe za ukungu, na minyoo. Mfuko mmoja haukutosha.

"Leo unanuka," alisema Mzee Shabani. Alikuwa amefurahi, jambo lililotokea kwa nadra.

Mimi sikufurahi. Nilikuwa na mistari kumi na tano inayofanana, na sasa huu mmoja umechomoza kama jino. Jioni ile nilikaa na jedwali. Kuna kazi tunaiita kusafisha takwimu, mtafundishwa wiki ya pili: mtu akiandika mia tano badala ya hamsini, unaiondoa, na pembeni unaandika sababu. Niliuondoa mstari ule. Kwenye safu ya sababu niliandika "upepo mkali".

Hapakuwa na upepo. Siku ile hata moshi wa jikoni kwa jirani ulisimama wima. Niliutunga upepo kwa sababu kurasa zangu zilikuwa safi na nilitaka zibaki hivyo, na kwa sababu, nitalisema hapa mara moja, niliogopa kwamba kosa ni langu. Nilidhani nimelaza fremu mahali pasipo pake. Badala ya kurudi kesho yake kuangalia, mimi ninayerudi kuangalia kufuli, nilifuta. Mzee Shabani alistaafu mwaka uliofuata, yeye kwa keki.

Majibu yalipokuja, kiwanja namba saba kilikuwa cha mwisho kati ya kumi na viwili. Majani sakafuni karibu hakuna. Kaboni ya udongo wa juu ilikuwa imepungua toka mwaka wa kwanza hadi wa tatu, naitrojeni nayo ikaifuata. Mratibu alifurahishwa na jinsi mistari ilivyonyooka. Alisema laiti wengine wangejaza hivi.

Ripoti ilisomwa kwenye ofisi ya kijiji, na mimi ndiye niliyetumwa kuieleza. Nilivaa sketi niliyoipiga pasi mara mbili. Nilieleza vizuri. Mama Gwakisa alikaa benchi la mbele, amefunga kitenge kipya, mikono magotini. Nilipomaliza aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Kwa hiyo miti ya mume wangu ni mivivu?"

Watu walicheka. Bwana Asajile hakucheka, nampa sifa hiyo. Nilikuwa na nafasi ya kusema kitu chochote pale. Nilisema, "Kwa vigezo vya utafiti, mama, iko chini."

Alitikisa kichwa, akaushusha mkono. Bwana Asajile akasimama akasema yeye si mtu wa kubishana na wataalamu, na kwamba ukoo uliahidi kufuata kipimo. Hakuna aliyempinga. Miti ilikatwa wiki mbili baadaye.

Nilirudi kule kuchukua vigingi. Utafiti ulikuwa umekwisha, kwa hiyo sikuona haja ya kupiga simu. Jua lilikuwa linapiga mahali ambapo sikuwahi kuliona, na visiki vilikuwa bado vinatoa maji. Maganda na majani ya kukatwa yalitapakaa kila upande. Mama Gwakisa alinisikia akatoka kwenye migomba, akiharakisha kwa upande wake ule uliopinda, na ufagio wa vijiti mkononi. Nilimwamkia. Hakuitikia kwanza, alikuwa anatazama chini, ameona haya.

"Leo hukupiga simu, mwanangu," alisema. "Ningefagia."

Nilimwuliza angefagia wapi. Akaonyesha kwa ufagio: huku kote. Nilimwuliza kama alikuwa anafagia msituni. Alinishangaa. Wageni wa selikali wanakuja kupima miti ya mzee, alisema, nao wakute uchafu? Mara tu nilipopiga simu alianza, alasiri hiyo hiyo, na mgongo ulipokataa alimalizia alfajiri. Majani aliyatupia kwenye migomba kwa karai. Kabla yetu hakuna mtu aliyewahi kufagia msitu, nani ana muda huo. Alifanya kwa ajili yetu, na alidhani tunaona.

Nataka mwelewe kosa hili ni la nani. Mgeni kutoka mbali angeweza kusamehewa. Mimi ni wa hapa. Nimefagia uwanja tangu nina miaka mitano, kabla ya chai, kabla ya shule. Nimechapwa kwa sababu mchungaji alipita akakuta jani. Najua kwamba kwetu mgeni akitangazwa, kinachoshikwa kwanza ni ufagio, sufuria baadaye. Niliingia kwenye msitu usio na jani, mwezi baada ya mwezi, na sikuuliza, kwa sababu macho yangu yalisema hapa ni kwa watu wastaarabu. Nilijisikia nyumbani. Nilikuwa napima ufagio, kisha naketi mezani na kula takwimu zangu na maharage.

Nilikwenda kwa mratibu siku hiyo hiyo. Niliweka mstari niliofuta mbele yake, nikamwambia kuhusu upepo. Nikamwambia pia kwamba njiani nilipitia viwanja vingine viwili vilivyo karibu na nyumba, nikauliza swali moja, na vyote viwili vina ufagio. Alisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye ripoti iliyokwisha pokelewa. Alisema miti imeshakatwa, na kusahihisha sasa kutaudhi watu bila kuotesha hata mmoja. Tukakubaliana kuongeza maelezo madogo chini ya jedwali. Yapo, mnaweza kuyaona: "Baadhi ya viwanja viliathiriwa na shughuli za kibinadamu." Hiyo ndiyo miaka mitatu ya mgongo wa Mama Gwakisa. Nasema tukakubaliana kwa sababu maneno hayo niliyachapa mimi, na nilihakiki tahajia.

Kilichobaki ni kibaya zaidi, na ndicho kilichonistaafisha.

Sikuweza kulala vizuri wala kula, na nilijishawishi kwamba dawa ni kumwambia Mama Gwakisa ukweli. Ni haki yake, nilijiambia. Nilikariri maneno. Nilikwenda Jumamosi, nikaketi naye barazani, nikamweleza yote: kwamba miti yake haikuwa mivivu, ilikuwa inaangusha chakula chake kama mti wowote wa maana, na chakula kikaondolewa kabla sijafika kukipima. Kwamba siku moja nilikiona na nikakifuta. Nilisema samahani mara nyingi. Nilipokuwa nasema nilihisi kifua kikifunguka, na nadhani uso wangu ulionyesha.

Yeye aliuliza kitu kimoja, taratibu, kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia bei sawasawa.

"Kwa hiyo kama nisingefagia, ingebaki?"

Mimi sijui kudanganya ana kwa ana, nadanganya kwenye jedwali tu. Nilisema huenda.

"Basi nimeikata mimi."

Nilisema hapana, mama, ni mimi. Alisema, "Wewe hukushika ufagio." Hakulisema kwa ukali. Alikuwa ananiondolea lawama, kama vile mtu anavyomchukulia mgeni mzigo mlangoni.

Nilikwenda pale nikiwa na uchafu na nikaondoka mwepesi, na uchafu niliuacha barazani kwake. Nimelifikiria hili kila siku tangu hapo. Kama nilitaka ukweli ujulikane, ningeusema kwenye ofisi ya kijiji, pale pale niliposimama na sketi yangu, mbele ya watu waliocheka. Hapo palikuwa na gharama kwangu. Nilichagua baraza ambako hapakuwa na mtu wa kunihukumu isipokuwa mwanamke ambaye kazi yake maisha yote imekuwa kuwapokea wageni vizuri. Nilijisafisha kwake. Niliandika barua ya kuacha kazi Jumatatu, na mkataba ulipoisha nikarudisha funguo.

Niliwaachia fomu mpya. Niliongeza safu mbili. Moja inasema harufu. Nyingine ni swali la kumwuliza mwenyeji kabla ya kutoa fremu: hapa hufanywa nini sisi tunapokuja? Nimesikia safu hizo zimeondolewa ili fomu ienee kwenye ukurasa mmoja. Ziandikeni nyuma kwa penseli. Na mkipata namba inayochomoza, msiifute siku hiyo. Rudini. Mkifika kwa mtu mara ya kwanza pigeni simu, ndiyo, ni adabu. Mara nyingine pitieni tu, muonekane hamna adabu. Mzee Shabani yuko hai, anauza mbegu za mboga karibu na stendi, na bado atawasugulia udongo mkimpelekea. Nilimweleza kuhusu kiwanja namba saba. Alivua miwani yenye mkono mmoja, akaifuta kwa shati, akasema kaboni yako ililiwa na ndizi, binti, kisha akamgeukia mteja.

Mwezi uliopita nilipita Lupepo. Sikupiga simu. Miche ya parachichi imeshika vizuri, imepangwa kwa mistari iliyonyooka, na kati ya mistari mvua imechora vijito vyekundu-vyeusi kuelekea mtoni. Mama Gwakisa alikuwa barazani akimenya ndizi. Uwanja wake ulikuwa umejaa majani. Majani ya migomba, maganda, manyoya ya kuku, vijiti, ya wiki nyingi, hadi kizingitini. Sijawahi kuona uwanja wa hivyo kwa mwanamke wa kwetu ambaye bado anasimama kwa miguu yake. Ufagio uliegemezwa ukutani, na buibui alikuwa ameufunga kwenye tofali.

Nilimwamkia ugonile, akaitikia ndaga. Nilinyoosha mkono kuuchukua ule ufagio, bila kufikiri, mkono ulikwenda wenyewe.

"Uache, mwanangu," alisema. "Sifagii tena. Sijui ni kitu gani kingine mnapima."

Nilikula mbalaga aliyonipa. Nilipoondoka nilivuka uwanja ule, majani yakilia chini ya viatu vyangu hadi barabarani, na kichwani, bila kutaka, nilikuwa nakadiria uzito wake.